Uzoefu wangu: fundi wa Tingatinga alivyokuja kuwafundisha darasa la tatu kuchora wanyama

Mimi nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Temeke, darasa la tatu, watoto 76, na kipindi cha sanaa nimepewa mimi mana kuchora nakupenda tangu nipo mdogo. Mwaka huu tulimlipa fundi wa Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama ulioanzia Dar, aje shuleni siku mbili awafundishe watoto kuchora wanyama, na nataka nieleze ilivyokuwa, bei, kizuri na kibaya, kwa sababu walimu wengi wameniuliza na kila nikieleza kwa simu nasahau nusu.

Nianze na boksi kwanza. Kabla ya fundi nilinunua lile boksi la kazi za mikono za watoto, nje limeandikwa wanyama 24, nikaliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa elfu 48 hela yangu ya mfukoni. Lilipofika rangi ni vichupa vidogo kama kifuniko cha soda, viwili vimeshakauka, brashi ukichovya mara mbili manyoya yanabaki kwenye karatasi, na karatasi zenyewe 24 kwa watoto 76, nikawa nawagawa watatu watatu, makundi machache wanne. Ila hayo yote ningevumilia. Kilichoniuma ni wanyama wenyewe, pengwini, dubu mweupe, kangaruu, na mwingine ana mapembe kama matawi ya mti hata mimi jina lake sikulijua. Mtoto anapaka rangi ndani ya mstari ambao umeshachorwa, dakika kumi kamaliza, pengwini wote wanafanana. Binti mmoja akaniuliza mwalimu huyu ni bata? Nikamwambia hapana ni pengwini, akaitikia haya, akaendelea kupaka. Hakuwa na swali lingine na kwa kweli angeuliza nini, mnyama hajamwona, hamjui, hana hata pa kumlinganishia.

Sasa mwalimu mwenzangu ana ndugu yake anachora pale Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wale wachoraji wa Tingatinga, akaniambia huyo huwa anakubali kuja mashuleni. Nikampigia. Tukaelewana laki mbili kwa siku mbili, rangi na brashi juu yake, mbao za kuchorea juu yetu. Nikanunua hadibodi shiti tatu, kama elfu 18 kila moja, seremala wa hapa jirani akatukatia kwa elfu kumi. Kwa anayetaka kupiga hesabu, shiti ni futi 4 kwa 8 kwahiyo ukikata futi moja kwa moja unapata vipande 32, sisi tulipata 96 tukabakiwa na akiba. Ilikubaliwa kwenye kikao cha wazazi kwamba kila mzazi atoe elfu tatu, 61 walitoa, iliyopungua ikajaziwa na kamati ya shule na hakuna mtoto aliyeachwa nje kwa kukosa hela, hilo nililisimamia mwenyewe.

Jambo moja muhimu sana kabla hamjamwita mtu, ulizeni habari ya rangi. Tingatinga ya asili inachorwa kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, inanuka na kuosha brashi unahitaji thina au mafuta ya taa. Darasa la watoto 76 na madirisha yale huwezi. Fundi mwanzo alikataa akasema rangi ya maji haing'ai, kazi itakuwa imepauka, tukavutana kwenye simu mpaka akakubali watoto watumie rangi ya maji ya ukutani aliyoichanganyia vikolezo vya rangi, na yeye rangi yake ya mafuta atawaonyesha nje chini ya mwembe wakiwa wamekaa mbali kidogo. Na kweli haikung'aa kama yake. Lakini inatoka kwenye sare kwa maji na sabuni ikiwa mbichi, na mama yeyote wa mtoto wa darasa la tatu atanielewa.

Siku ya kwanza alichelewa saa moja na nusu. Watoto wameshapangwa, mbao zimeshagawiwa, mimi nipo getini nachungulia bodaboda. Alipofika ana tenga, na ndani ya tenga kuna kuku jike. Mimi nikajua kapitia sokoni kabeba kitoweo chake.

Akawasalimia, akauliza nani hapa amemwona simba kwa macho? Kimya. Twiga je? Mikono mitatu, tukiuliza vizuri wawili ni kwenye tivii, mmoja tu ndo alimwona kweli, basi lao lilipita Mikumi wakienda Mbeya. Haya nani amemwona kuku? Darasa zima likalipuka. Akasema sawa, kuku ana vidole vingapi? Na hapo ndo nikaona hela yetu imeanza kufanya kazi, mana watoto wanaofuga kuku nyumbani, wanaowafukuza kuku kila asubuhi, walianza kubishana, wengine vitatu, wengine vitano, mmoja akasimama anasema vinne mjomba, akazomewa. Fundi hakujibu. Akawaambia kila mtu achore mguu wa kuku kwenye karatasi kama anavyojua, wakachora, wengi vitatu kama uma. Ndo akafungua tenga, akamshika yule kuku mabawa kwa upole akapita naye mstari kwa mstari, kila mtoto ameangalia. Vitatu mbele, kimoja nyuma. Yule wa vinne alitabasamu mpaka ukaona lile pengo la meno.

Alafu likaja swali lingine, mtoto anauliza mbona goti la kuku linakunjia nyuma. Fundi akamwelekezea kwangu, nikawaeleza kwamba pale sio goti, ni kifundo cha mguu, goti lenyewe limejificha juu kwenye manyoya. Wiki mbili nzima za somo la sayansi sijawahi kuulizwa swali la hivyo. Walipochora mara ya pili, jamani, ile karatasi ya kwanza na ya pili ukiziweka pamoja utasema ni watoto wawili tofauti. Nimezitunza zote, zipo kabatini.

Mchana akawakalisha chini ya mwembe akawaonyesha rangi ya mafuta na kuwapa stori ya mzee Edward Saidi Tingatinga, kwamba alitoka Tunduru akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 60 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi kama hivi hivi walivyoshika, akauza barabarani, na 1972 polisi wakampiga risasi kwa bahati mbaya akafa, alikuwa amechora miaka michache tu, ndugu zake vijana aliokuwa akiwafundisha ndo wakaendeleza, na mwaka 1990 ukaanzishwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Watoto walikuwa kimya kama maji ya mtungini. Kilichowashangaza ni rangi ya baiskeli, wanaulizana kwahiyo hakuwa na rangi za kuchorea? Hakuwa nazo. Akatumia iliyopo.

Na mtindo wenyewe unamfaa mtoto, hili nilikuwa sijalifikiria mpaka nilivyoona. Unapaka ubao wote rangi moja ya nyuma, unaacha ikauke, unachora mnyama mmoja mkubwa anajaza ubao, alafu madoa na mistari. Hakuna habari ya vivuli wala mlima wa mbali uwe mdogo. Mtoto mwenye mkono mzito anaweza, na mwenye mkono mwepesi ana pa kujimwaga kwenye madoa.

Siku ya pili ndo ya kupaka wanyama kwenye mbao. Tuligawa mikondo miwili, 38 asubuhi na 38 baada ya uji, hapo nawashauri msilegeze, zaidi ya 40 kwa fundi mmoja haiwezekani. Waliotaka wanyama wa porini alikuja na picha kubwa akawaonyesha cha kuangalia, kwamba chui madoa yake ni kama maua yameachwa wazi katikati, duma ni doa limejaa, na duma ana mstari mweusi unashuka toka jichoni mpaka mdomoni kama machozi. Twiga wetu mabaka yake yana ncha ncha kama jani lililochanika, sio vigae vya bafuni. Wengine walichora ndege kanga, mweusi akishakauka wanamdonolea nukta nyeupe kwa pamba za kusafishia masikio, na nikawaambia inasemekana kanga za mama zao zimepata jina kwa huyo ndege, basi kesho yake mabinti wanne wakaja na vipande vya kanga kunionyesha nukta.

Sasa kibaya, na nakisema kwa sababu kama mngekuwepo mngekiona. Fundi ana mkono wa kuuza. Amezoea mzungu anataka simba wa hivi, mkia hivi, kwahiyo akipita nyuma ya mtoto anashindwa kujizuia, anachukua brashi anarekebisha. Mara ya kwanza nikanyamaza. Kuna kijana mmoja darasani kwangu, kusoma bado kunamsumbua, mpole, mara nyingi anakaa nyuma, nyumbani kwao wanafuga mbuzi na yeye ndo anayewapeleka majanini. Alichora mbuzi. Mbuzi ana kamba mguuni, kamba imepita mpaka ukingo wa ubao ikatokea nje, na jicho kalipaka njano, katikati kaweka mstari mweusi umelala. Fundi kapita, kaona lile jicho, kachukua brashi kaweka nukta nyeusi ya duara pale pale. Yule mtoto, ambaye mimi sijawahi kumsikia anabishana na mtu mzima, akasema mjomba hapana, jicho la mbuzi limelala.

Fundi akasema jicho ni duara mwanangu. Akarudia, limelala. Nikaona machozi yanakaribia nikasema basi twendeni tukaangalie, nyuma ya shule kuna mama anafuga, tukaenda wote watatu na kundi la watoto nyuma yetu. Nikapiga hodi, shikamoo mama, tunaomba kumwangalia mbuzi machoni, yule mama akacheka akatushikia mbuzi pembe. Mboni imelala kweli, mstari mnene kama kitundu cha kutumbukizia sarafu. Miaka yote naishi na mbuzi mitaani sikuwahi kuiona. Fundi akaangalia muda mrefu, akageuka akamshika yule kijana bega akasema we ndo fundi, mimi nisamehe, na tuliporudi akafuta ile duara kwa kitambaa chenye maji akampa brashi mwenyewe arudishie. Toka hapo hakugusa tena kazi ya mtoto, alikuwa anaweka mikono nyuma. Kwahiyo mkimwita mtu mwambieni mapema kabisa, brashi ya mtoto haishikwi, ukitaka kumwonyesha mwonyeshe kwenye kipande chako.

Mamba ndo kazi ya darasa zima, na haikuwa na gharama. Trei za mayai tuliomba kwa wauza chipsi wa pale kituoni, zile nundu zake ukizipaka kijani ni mgongo wa mamba mtupu. Tukaunganisha kwa gundi ya unga wa ngano, akawa na urefu wa madawati matatu, meno ya karatasi ngumu, na jino la nne la taya la chini tukaliweka litokeze nje hata mdomo ukifungwa, mana ndivyo mamba alivyo. Tulikosea jambo moja, tulimwacha sakafuni na ile gundi ni chakula, usiku panya wakala mkia. Watoto walihuzunika sana, tukatengeneza mwingine na saivi mamba ananing'inia darini kwa kamba ya katani. Nyie wekeni juu toka siku ya kwanza.

Bei ni kubwa kwa shule ya serikali, sikatai, na ule uchelewaji ulitupotezea kipindi kizima. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeibana kwa sababu ya muda na zile brashi alizochukua mikononi mwa watoto kabla ya mbuzi. Boksi la mtandaoni silirudii, kama una hela ya boksi moja nunua makopo ya rangi ya maji manne, nyekundu, njano, bluu na nyeupe, omba trei kwa muuza chipsi, na tafuta mtu mwenye kuku atakayekubali kukuazima asubuhi moja.

Yule kijana wa mbuzi siku hizi anakaa mstari wa pili. Ubao wake tuliutundika ofisini kwa mwalimu mkuu, baba yake alipokuja kuchukua matokeo akasimama mbele yake akauliza huyu si ndo yule mweupe wetu? Kamtambua kwa kamba.

Fundi nimeshamuwekea nafasi tena mwezi wa saba kwa darasa la nne, tumekubaliana saa mbili kamili asubuhi awe getini, na safari hii nimemwambia aje na bata.