ncurses kwa kusoma vitufe maalumu: nzuri, ila Esc inasubirisha

Ukitaka programu ya terminali itambue mishale, F1 hadi F12, Home na Delete, ncurses, maktaba ya C ya kuendesha skrini na kibodi ya terminali, bado ndiyo ya kuanza nayo. Bila hiyo, mshale wa juu haufiki kama kitufe kimoja. Unafika kama baiti tatu, kwa kawaida 27, 91 na 65, na kazi ya kuziunganisha inabaki kwako.

Ita initscr(), cbreak(), noecho(), kisha keypad(stdscr, TRUE). Hiyo ya mwisho wengi huisahau, halafu wanashangaa getch(), inayosoma kitufe, inarudisha 27. Jibu liweke kwenye int, si char: KEY_UP ni 259, haienei kwenye baiti moja.

Kero kubwa ni Esc. Esc yenyewe ni 27, na kwa kuwa mishale nayo huanza na 27, maktaba husubiri milisekunde 1000 kuona kama kuna kinachofuata, na mtumiaji anadhani programu imeganda. Weka set_escdelay(25). Kwenye SSH (kuingia kompyuta ya mbali) yenye mtandao wa kusuasua panda hadi 100, la sivyo mshale utakatika vipande na kusomwa kama Esc.

Backspace nayo ina vituko vyake: kagua KEY_BACKSPACE, 127 na 8, zote tatu. Ctrl+I na Tab usitarajie kuzitofautisha, kwa kawaida zote ni 9. Hapo ncurses haina kosa, terminali ndiyo inayotuma hivyo. Ila TERM, kigezo cha mazingira kinachotaja aina ya terminali, ikikosewa, hata F1 inaweza kupotea.

Kwa Python, curses.wrapper() huwasha keypad yenyewe, na programu ikianguka huirudisha terminali katika hali yake.