Upasuaji wa tonsili Kisumu: thieta nyota tano, dirisha la kuruhusiwa sifuri

Nimeweka nyota mbili, nikafuta, nikaweka nne, nikafuta tena. Sasa ni mbili, na kabla sijamaliza kuandika huenda zikabadilika. Ni hospitali ya kibinafsi hapa Kisumu, jina silitaji. Mgonjwa ni mtoto wa dada yangu, miaka sita, kilo 20, ametolewa tonsili majuzi kabla ya shule kufunguliwa.

Nianze na kilichoniudhi. Kwenye dirisha la kuruhusiwa kwenda nyumbani, sista alinisukumia nusu karatasi yenye mistari mitatu: paracetamol ya maji 5 ml mara tatu, uji baridi, kliniki baada ya wiki mbili. Nikamuuliza, je, damu ikitoka? "Damu kidogo ni kawaida, mama." Nikauliza, hata siku ya saba? Akaniangalia kama nimemkanyaga. "Kwani wewe ndiye daktari? Kuna watu nyuma yako."

Sista, damu kidogo si kawaida. Mate yenye michirizi ya pinki siku ile ya upasuaji, hayo sawa. Lakini kati ya siku ya tano na ya kumi kile kigaga cheupe kooni hubanduka, na hapo ndipo mishipa hufunguka. Damu nyekundu siku hizo, hata kijiko kimoja, ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwa maana ile kidogo huweza kutangulia ile nyingi. Damu yote ya mtoto wa kilo 20 ni kama lita moja na nusu, yaani chupa tatu za soda za nusu lita. Na mtoto hatemi, anameza. Utamwona amelala huku koo linapanda na kushuka, anameza mate kila mara, halafu ghafla anatapika vitu vyeusi kama kahawa. Mzazi aliyeambiwa "ni kawaida" atangoja kuche.

Fikiria sasa huyo mzazi anatoka Usenge au Muhoroni. Alipaswa kuambiwa akae karibu na mji siku kumi, kwa ndugu au kwa rafiki, mahali pa kupata gari saa nane za usiku. Alipaswa kuambiwa kwamba damu ikitoka mtoto aketi wima, ainame mbele, ateme kwenye beseni ili ionekane ni kiasi gani, asipewe chakula wala chai kwa sababu huenda akarudishwa thieta kulazwa usingizi. Maneno hayo yanaenea kwenye nusu karatasi ileile na nafasi inabaki.

Kisha ile dozi. Paracetamol ya watoto ina miligramu 120 kwa kila 5 ml. Kilo 20 kwa miligramu 15 kila kilo ni miligramu 300, yaani 12.5 ml, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Walichoandika hakifiki hata nusu yake. Maumivu yasipotulizwa mtoto hanywi maji. Asipokunywa koo linakauka. Koo likikauka kigaga kinapasuka vibaya, maumivu yanazidi, na hatari ya damu inapanda. Ibuprofen nayo, miligramu 10 kwa kilo, hapa 10 ml za ile ya miligramu 100 kwa 5 ml, kila saa sita hadi nane, haikuandikwa kabisa. Wako madaktari wanaoiogopa kwa sababu ya damu, lakini mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa 2019 unaipendekeza. Isipewe tu mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Angalau hawakuandika kodini, dawa kali ya maumivu, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwa watoto waliotolewa tonsili tangu 2013, kwa kuwa miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini haraka mno na pumzi inakatika usingizini.

Uji baridi wiki mbili nao ni wa zamani. Kutafuna husafisha koo na kulegeza misuli. Ugali laini na mchuzi wa ngege aliyetolewa miiba, sawa kabisa, dawa ikiwa imetangulia nusu saa.

Haya, thieta. Hapa hasira inanishinda kwa upande mwingine, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri na siwezi kuificha.

Siku ya kuandikisha tuliambiwa kuna "mashine ya kisasa", maana yake koblesheni: mawimbi ya redio yanayopita ndani ya maji ya chumvi na kuyeyusha nyama kwa joto la nyuzi 40 hadi 70 tu, wakati dayathemi ya kawaida, ile ya umeme, huunguza kwa mamia ya nyuzi. Asubuhi ile daktari akasema hataitumia. Ncha yake imeundwa kutumika mara moja, mpya haikuwepo, na ya kurudia hakuitaka. Angekata kwa vyuma baridi, visivyo na moto wala umeme, na kufunga mishipa kwa uzi. Nilikuwa tayari kuwaka. Lakini uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa 2003 na 2004, wagonjwa zaidi ya 33,000, ulionyesha kwamba njia za moto, koblesheni ikiwemo, zilileta damu ya baadaye takriban mara tatu kuliko chuma baridi na uzi. Faida ya moto iko mle thieta tu: damu kidogo mezani, kazi ya haraka. Na kwa haki, bei ya mashine waliiondoa kwenye bili bila kuombwa.

Alitueleza hatua zote kabla, na baada ya kazi akatueleza alichokuta. Mto chini ya mabega, shingo nyuma, mdomo unashikiliwa wazi kwa chuma cha Boyle-Davis kinachokandamiza ulimi pamoja na mpira wa pumzi. Meno mawili ya mbele yalikuwa yanalegea. Aliyakagua mwenyewe kabla, maana jino likidondoka linaweza kuingia mapafuni. Tonsili inashikwa juu, inavutwa kuelekea katikati, ngozi inachanwa kando ya nguzo ya mbele ya koo mpaka ule utando mweupe wa tonsili uonekane. Ukikaa sawasawa kati ya utando na msuli, tonsili inatoka kama ndizi ikimenywa; ukiukosa, unaingia kwenye msuli, na hapo ndipo damu na maumivu vinapozaliwa. Mzizi wa chini unakatwa kwa kitanzi cha waya, shashi inakandamizwa dakika kadhaa, mishipa inafungwa mmoja mmoja. Halafu jambo ambalo wavivu huliruka: alilegeza kile chuma cha mdomo, akangoja, akatazama tena, kwa sababu mkazo wake huficha mshipa unaovuja. Mwisho alifyonza nyuma ya kilimi. Bonge la damu likijificha pale linaweza kudondokea njia ya hewa mpira ukitolewa, na Waingereza walilipa jina la afisa anayechunguza vifo. Hawakulipa jina hilo kwa mzaha.

Daktari kama huyo ni nyota tano. Nilitaka kuziacha tano.

Lakini yeye alikuwa amekwisha kwenda kwa mgonjwa mwingine, na yote aliyoyafunga kwa uzi yaliachwa mikononi mwa dirisha lile. Siku ya nne sikio likaanza kumuuma mtoto, mama yake akaogopa. Ni neva moja tu inayohudumia koo na sikio, hupita. Ule weupe kooni akadhani ni usaha. Si usaha, ni kigaga, na harufu yake mbaya ni ya kawaida. Hayo nayo hayakuwa kwenye karatasi. Alipiga namba iliyoandikwa chini mara tatu, haikushikwa. Mtoto sasa anakula, anacheza mpira, hakoromi tena.

Basi nyota tatu. Mkienda, ombeni chuma baridi, na dozi mwandikiwe na daktari mwenyewe kwa kilo za mtoto kabla hajavua glavu. Namba ile nimeipiga tena nikiandika haya. Inaita tu.