Programu ipi ya kuondoa vumbi na mikwaruzo kwenye filamu nyeusi na nyeupe?

Kabla hujatoa hela, zima kwanza kile kitufe cha infraredi kwenye skana yako. Kwa filamu ya rangi kinafanya kazi nzuri ajabu: rangi hupitisha miale ya infraredi, vumbi huizuia, kwa hiyo programu inajua mara moja uchafu uko wapi. Lakini picha kwenye filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe imetengenezwa na chembe za fedha, na fedha huzuia miale hiyo kama vumbi lenyewe. Programu itaona uchafu kila mahali na kuanza kuwafuta watu nyuso. Ilford XP2 Super ndiyo ya kusamehewa, kwa kuwa husafishwa kwa dawa za C-41 kama filamu ya rangi na fedha haibaki ndani yake.

Ndiyo maana mimi huzipima programu hizi kwa brashi zake, yaani zana za kufuta doa mojamoja kwa mkono. Mambo ya otomatiki nayaangalia mwishoni.

Nafasi ya kwanza naipa Photoshop, ingawa kulipia kila mwezi kunanikera. Brashi yake ya kuponya hufanya kazi juu ya tabaka tupu linalolazwa juu ya picha, hivyo skani ya asili haiguswi na kosa la leo unaweza kulifuta kesho. Lakini kilichoipa ushindi ni kitu kidogo ambacho wengi hawakigusi: hali ya brashi. Vumbi lililokaa kwenye negativu, ile filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, huzuia mwanga, kwa hiyo kwenye picha hutokea likiwa doa jeupe. Ukiiweka brashi katika hali ya kutia giza, itagusa tu piseli zilizo nyeupe kuliko jirani zake, na chembe za filamu pembeni hubaki zilivyo. Kwa anga lililojaa vitone mia mbili, nakili tabaka, pitisha kichujio cha vumbi na mikwaruzo, liweke tabaka hilo katika hali hiyohiyo ya giza, lifunike lote kwa barakoa nyeusi, kisha lifunue kwa brashi pale angani peke yake. Usikipitishe kichujio hicho picha nzima. Kinalainisha chembe, na ngozi ya mtu inakuwa kama nta.

Ya pili ni SRDx ya LaserSoft Imaging, watengenezaji wa programu ya skana ya SilverFast. Haitegemei infraredi, inatafuta kasoro ndani ya picha yenyewe, nawe unaipimia ukali wa kutafuta. Mwenye mamia ya fremu atashukuru. Mwenye haraka atajuta: niliwahi kuiachia programu ya otomatiki ya namna hii rola nzima, nikarudi nikakuta koti la babu halina vifungo. Vilikuwa vidogo, vyeupe na vya mviringo, ungeilaumu kwa lipi? Tangu hapo naanza na ukali mdogo, na nuru iliyo ndani ya macho naikagua kwanza.

Ya tatu ni darktable, ambayo ni ya bure. Sehemu yake ya kurekebisha huweza kuigawa picha katika ngazi za undani, ukauondoa mkwaruzo kwenye ngazi moja bila kuharibu mpito wa mwanga chini yake. Inahitaji subira kujifunza, na skani kubwa huifanya ipumue kwa shida. GIMP nayo ni ya bure, na tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inashughulikia faili za biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi za kijivu. Kama una fremu kumi tu za kusafisha, anza nayo na usinunue chochote.

Affinity Photo iko karibu sana na hizo. Lightroom inatosha kwa madoa machache, hasa kwa ile hali yake ya kuyaonyesha madoa juu ya picha nyeusi tupu, ila ukiyafikisha mamia inakuwa nzito. Programu za akili unde zinazoahidi kila kitu kwa kubofya mara moja naziweka mkiani. Kwa picha ya karatasi iliyochanika zinaweza kusaidia. Kwa negativu nzuri zinabuni ngozi ambayo haikuwepo.

Ukipata toleo la majaribio, lijaribu kwa fremu yako mbaya kuliko zote, ukiitazama kwa asilimia 100, na iwe na ule mstari mrefu unaokata fremu kutoka ukingo hadi ukingo. Kama mkwaruzo umekomba upande wa dawa, yaani ule upande wa filamu wenye picha, kwenye picha utakuwa mweusi, kwa hiyo geuza brashi iwe hali ya kung'arisha, na uufute vipande vifupivifupi. Ukiuvuta kwa mkupuo mmoja, programu yoyote kati ya hizi itakuachia mfereji.