Lango la simu za intaneti: sauti safi, mipangilio ya kusumbua

Kisanduku hiki kinaunganisha simu mbili za mezani za kawaida na intaneti, na kwa usafi wa sauti sina neno. Kazi iko kwenye mipangilio ya mtandao.

Nianze na nilichokipenda. Huhitaji programu yoyote kujua kisanduku kimepewa anwani gani. Chomeka simu kwenye tundu la FXS, lile la simu ya mezani, inua mkono wa simu, bonyeza nyota tatu, na sauti itakusomea menyu kisha ikutajie anwani ya IP tarakimu moja moja. Inasoma polepole mno, lakini inasaidia. Ukishaipata unaiandika kwenye kivinjari, kurasa za mipangilio zinafunguka.

Kikiwa kipya kinatumia DHCP, yaani ruta ndiyo inayokipa anwani. Wengi itawatosha. Mimi nilikipa anwani ya kudumu kwa sababu kwenye ruta yangu kipaumbele cha simu kinawekwa kwa anwani. Ukifuata njia hiyo, chagua namba iliyo nje ya fungu ambalo ruta inagawa, la sivyo siku moja kitagongana na kifaa kingine. Na usiache nafasi ya DNS, seva inayogeuza majina kuwa anwani, wazi: kila kitu kitaonekana sawa, ila taa ya simu haitawaka, maana kisanduku kinalijua jina tu la seva ya SIP (ile ya mtoa huduma inayounganisha simu) na hakina pa kuuliza anwani yake.

Kero kubwa ni NAT, yaani ruta kuficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani moja ya nje. Nikipiga simu, wa upande wa pili ananisikia vizuri, kwangu kimya kama maji mtungini. Maelezo ya kupiga na kukata simu hupita kwenye poti 5060, lakini sauti ina njia yake, RTP, na kisanduku kilikuwa kinaitajia seva anwani ya ndani, ile ya 192.168, ambayo mtu wa nje hawezi kuifikia. Dawa ilikuwa kuwasha STUN, inayokiwezesha kisanduku kujua anwani yake ya nje, na kuzima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa simu unaopita; hiyo ya pili inadai kusaidia lakini mara nyingi inaharibu. Kinachoniudhi ni kwamba STUN haipo kwenye ukurasa wa mtandao. Wameificha kwenye ukurasa wa akaunti, katikati ya mambo ya milio, na kijitabu kinaigusa kwa sentensi moja.

Hata baada ya hapo, simu za kutoka zilikuwa zinapita ila za kuingia zinapotea kisanduku kikikaa kimya kwa muda. Ruta ilikuwa inafunga njia isiyotumika. Nimekiweka kitume ishara ndogo kila sekunde 20, na simu zinaingia.

Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, nimeacha G.711, inayokula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwa simu moja. Mwenye intaneti finyu achague G.729, kama 31 hivi, sauti inapungua kidogo tu.

Nenosiri la kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo, na ukurasa wa mipangilio usiufungue upande wa nje. Kuna watu kazi yao ni kusaka visanduku vya namna hii wapige simu za kimataifa kwa gharama yako. Halafu angalia vitufe vya chini: "hifadhi" peke yake haibadilishi kitu mpaka ukiwashe upya, na kikizimika kinakata simu iliyo hewani bila kuuliza.

Nyota nne kati ya tano.