Hema la mtu mmoja kwenye safari ndefu ya baiskeli: uzoefu wangu baada ya kilomita 2,600

Kabla sijanunua hili hema nilisoma maoni ya watu karibu mwezi mzima, na karibu wote walikuwa wanaongelea uzito tu, gramu hizi, gramu zile, hakuna aliyeniambia fito zake zikikunjwa zinabaki na urefu gani. Na kwa mtu wa baiskeli hilo ndo swali la kwanza kabisa. Sasa nimesharudi, siku 41 barabarani peke yangu, kilomita kama 2,600, usiku 34 nimelala humo ndani, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona mwenyewe.

Ni hema la matabaka mawili, ndani neti na nje kitambaa cha poliesta, ukiweka fito na vigingi na kila kitu linafika kilo 1.6. Najua yapo ya chini ya kilo moja na nilikaribia kununua mojawapo. Lakini baiskeli yangu ya chuma peke yake ni kilo 15, mifuko na vilivyomo kilo 17 bila kuhesabu maji, sasa hiyo nusu kilo na ushee ya ziada kwenye mlima sikuisikia hata siku moja. Fito ndefu ningezisikia kila siku. Usukani wangu ni ule uliojikunja chini kama wa baiskeli za mashindano, upana sentimita 42, na fito za mahema mengi zikikunjwa zinakuwa 45 mpaka 50, hapo zinagongana na mikono ya breki na nyaya za gia, mwisho unazifunga juu ya keria ya nyuma na zinaanza kuchomoza nje ya mifuko kila ukipita njia yenye matuta. Hizi zangu ni sentimita 30. Hema lote linalala mbele ya usukani, mkanda huku, mkanda kule, basi.

Alafu kuna faida nyingine ambayo sikuifikiria wakati nanunua. Hema likikaa mbele peke yake maana yake halichanganyiki na vitu vikavu. Asubuhi nyingi unalikunja likiwa limelowa, huna namna, jua bado na wewe unataka uondoke, na ukiliweka kwenye mfuko mmoja na begi la kulalia jioni unajifunika unyevu.

Na unyevu ndo nataka niuongelee vizuri, maana wiki ya kwanza nilidhani nimeuziwa hema linalovuja. Nilipiga kambi bondeni, karibu na mto, nyasi laini, pazuri mno kwa macho. Saa kumi usiku nikaamka miguu imelowa. Nikawasha taa ya kichwani, nikapitisha kidole kwenye kitambaa cha nje kwa ndani, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na nje mvua hakuna, nyota zimejaa. Kumbe yale maji ni pumzi yangu mwenyewe pamoja na ule unyevu wa nyasi. Mtu akilala anatoa glasi nzima ya maji au zaidi kwa kupumua na kwa ngozi, usiku kucha, na hewa ya baridi ni nzito inashuka inajikusanya mabondeni, kwa hiyo kitambaa kinapoa na mvuke ukikigusa unageuka matone. Miguu ililowa kwa sababu begi la kulalia lilikuwa linasukuma neti mpaka inagusana na kile kitambaa. Kuanzia hapo nikawa napanda kidogo, hata mita 20 juu ya bonde zinatosha kuona tofauti, nalala chini ya mti nikiupata (baada ya kuangalia matawi makavu juu), na mlango wa nje nauacha nusu wazi kama hakuna mvua. Usiku wa namna ile haukurudi tena isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimechoka sana nikalala nilipofikia.

Mvua yenyewe ya kweli ilinikuta usiku nne. Halikuvuja. Poliesta hailegei ikilowa kama nailoni, kwa hiyo sikulazimika kutoka nje usiku kukaza kamba, na hilo kwa mtu aliyeendesha kilomita 90 siku hiyo ni kitu kikubwa sana.

Upepo hapo sasa. Hema hili linasimama lenyewe, yani ukishapachika fito limesimama hata kabla ya kigingi kimoja, na nilikuja kulishukuru hilo siku niliyofika jioni sehemu ya mawe matupu. Vigingi vitatu vikapinda, vingine havikuingia hata robo. Niliilaza baiskeli upande upepo unakotoka nikafunga kamba mbili kwenye fremu, kona nyingine nikazizungushia mawe makubwa, mifuko yote minne nikaibananisha ndani hivyo hivyo iwe uzito. Lilitingishika usiku mzima ila halikuondoka. Siku nyingine ambazo baiskeli nilikuwa naisimamisha nifungie kamba, nilikuwa nakamata breki ya mbele naifunga na kipande cha tyubu kuukuu, gurudumu halizunguki na baiskeli haianguki. Tembea na vipande vya tyubu, vinafunga kila kitu.

Nyota moja ya tathmini nalinyima hema hili kwa sababu ya zipu. Siku ya 23, giza linaingia, mbu wameanza, navuta zipu ya mlango wa neti inapita lakini nyuma yake meno yanabaki wazi. Navuta tena, wazi. Ukiwa peke yako kitu kama hicho kinakuingia sana moyoni, hakuna wa kumwambia nishikie hapa, na kwa dakika kadhaa nilikaa tu nimeshika ule mlango. Tatizo ni vumbi na mchanga, vinakula kile kichwa cha zipu kinapanuka kinashindwa kubana meno. Nikachukua koleo dogo la kwenye spana za baiskeli nikakibana pembeni, upande mmoja kidogo, upande wa pili kidogo, taratibu maana ukizidisha kinapasuka, nikajaribu, ikafunga. Imefika mpaka mwisho wa safari. Lakini zipu ya hema la bei ile haikutakiwa kufa siku ya 23, na waliotengeneza niliwaandikia, jibu lao lilikuwa nilitume hema kwao. Mtu yuko katikati ya safari, analala wapi akishalituma? Tangu siku ile kila asubuhi nilikuwa nayafuta meno ya zipu kwa mswaki wa zamani kabla sijakunja.

Ndani kuna nafasi ya wewe na mifuko miwili midogo, ukikaa kitako kichwa hakigusi. Rangi ni kijani iliyofifia, kutoka barabarani halionekani, na ukilala peke yako hilo linakupa usingizi kuliko kufuli.

Thomas Stevens alizunguka dunia kwa baiskeli kati ya 1884 na 1886, wa kwanza kabisa, na ile baiskeli ya zamani ya gurudumu kubwa mbele, koti lake la mvua ndo lilikuwa hema na ndo kitanda. Nilimuwaza sana ule usiku wa upepo. Mi bila neti na bila sehemu ya kujinyoosha nisingefika wiki ya pili.

Kichwa kipya cha zipu nimeshapachika mwenyewe, vigingi vitatu vilivyopinda nimebadilisha, na hivi naandika limetandazwa nje likauke kabisa kabla sijalihifadhi, maana likihifadhiwa na unyevu linaota ukungu na ile harufu haitoki.