Ruta ya 4G na antena ya nje: uzoefu wangu nyumbani Lushoto

Kama nyumba yenu iko kijijini na simu haisomi mtandao mpaka usimame mlangoni, usikimbilie kununua ruta ya bei mbaya, yaani kile kifaa kinachopokea mtandao wa simu na kuusambaza nyumbani kwa waifai. Pesa ya kwanza iende kwenye antena ya nje na waya mzuri. Ruta yenyewe, hata iliyotumika, inatosha. Hayo nimeyaona nyumbani kwa mama, upande wa Mlalo, wilayani Lushoto, na nayaandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi wa vijijini wanauziwa vifaa vizuri ambavyo havitawasaidia.

Mama analima kabichi na karoti, na mzigo wake unakwenda Dar. Dalali wa siku hizi hataki maneno, anataka picha ya mzigo kabla hajataja bei. Mpwa wangu anayeishi naye anasoma Chuo Kikuu Huria, kwa hiyo masomo, kazi za kuandika na matangazo ya mitihani yote yanapita mtandaoni. Mimi nikija likizo nakuja na kazi yangu ya hesabu, ambayo bila intaneti haiendi. Kabla ya haya ninayoyasimulia, kila mmoja alikuwa na bando lake na jiwe lake la kusimamia nje. Mama kutuma picha tatu ilikuwa kupanda mpaka kwenye shamba la juu.

Shida yetu ni bonde. Mnara wa karibu uko nyuma ya kilima chenye mikaratusi, na majani mabichi, hasa masika yakiwa yamelowa, yanakula mawimbi kwelikweli. Watu hudhani milimani ndiko mtandao unakosekana, kumbe juu ni afadhali sana. Mwaka 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa juu unaonana na mnara. Ukiwa bondeni kati yako na mnara kuna udongo, na hakuna ruta inayotoboa udongo.

Ndiyo maana suala la masafa lina uzito kuliko jina la kifaa. 4G inarushwa kwa masafa mbalimbali, yaani njia za mawimbi ya redio zinazopimwa kwa megahezi: megahezi 700 na 800 yanakwenda mbali na kupita kwenye miti na kuta vizuri zaidi, wakati 1800 na 2600 yanabeba data nyingi lakini yanachoka haraka. Kwenye boksi la ruta utayakuta yameandikwa kama bendi: 28 ni ile ya 700, 20 ni ya 800, 3 ni ya 1800. Kwa nyumba ya kijijini usitoe pesa mpaka umeona bendi za chini zimo, na zile ambazo mtandao unaoutegemea unazitumia eneo lenu. Hili linawahusu sana ndugu wanaotuletea vifaa kutoka nje. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani havina bendi 20, basi unakuta simu nzuri ya gharama inasuasua pale pale ambapo simu ya bei ndogo ya jirani inapeta. Uliza pia kama ruta imefungwa kwa mtandao mmoja au inapokea laini yoyote.

Mimi nilichukua Huawei B315 iliyotumika, pale Kariakoo, kwa shilingi 70,000. Ni ruta ya zamani, mwisho wake kwa karatasi ni Mbps 150 (megabiti kwa sekunde), kasi ambayo kijijini kwetu hakuna mnara utakaokupa. Niliipenda kwa mambo mawili: ina matundu mawili ya kufungia antena za nje, na inatumia umeme wa volti 12. Kuna ruta mpya zinazong'aa ambazo matundu hayo hazina, na kwa nyumba kama yetu hizo sizishauri hata kidogo.

Nilipoiwasha sebuleni bila antena, ukurasa wake wa mipangilio (unaupata kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari) ulionyesha RSRP ya -112. Namba hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwenye -80 mambo ni mazuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 hata ujumbe wa sauti unazunguka tu. Kasi niliyopima haikufika Mbps 2.

Fundi wa madishi wa pale kijijini ndiye aliyepanda juu ya bati. Antena tulizotumia ni mbili za kuelekeza upande mmoja, zile zenye vijiti vilivyojipanga kuanzia kirefu hadi kifupi, na tulizifunga kwenye bomba moja, kila moja imelala nyuzi 45, moja huku na nyingine kule, kwa kuwa 4G inapokea kwa njia mbili kwa wakati mmoja na njia hizo zikiwa zimepishana zinasaidiana. Mimi nilikaa ndani na simu, yeye juu akizungusha.

"Dada, inasoma ngapi?"

"Mia na saba. Sogeza kidogo kulia. Subiri, usiendelee, namba zinachelewa."

Kuchelewa huko kuna maana yake. Ukizungusha antena, ukurasa wa ruta unachukua sekunde kadhaa kabla ya kukupa hesabu mpya, na fundi mwenye haraka anapita penye mawimbi mazuri bila kujua. Tulikuwa tumeielekeza kule kwenye mnara wa karibu, na matokeo yalikuwa ya hivi hivi. Fundi akasema tujaribu ng'ambo ya bonde, kwenye mnara wa mbali ambao kutoka juu ya bati aliuona kabisa kwa macho. Namba ikapanda mpaka -97. Kutoka ile -112 ya mwanzo, hiyo ni tofauti ya desibeli 15 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ni kama nguvu ya mawimbi kuongezeka mara thelathini. Mnara wa mbali unaouona unaushinda wa karibu uliojificha, na ningependa kila fundi wa vijijini alijue hilo kabla hajatoboa ukuta wa mtu.

Tangu siku hiyo, alfajiri tunapata Mbps 15 hadi 18. Kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, watu wote wakiwa nyumbani na simu mkononi, inashuka hadi 5 au 6. Hiyo ya usiku antena haiwezi kuitibu, kwa sababu foleni iko kwenye mnara wenyewe. Mpwa wangu ameshazoea kupakua vitabu vyake saa kumi na moja alfajiri.

Kwenye waya usibane matumizi. Ule mwembamba wa RG58 ambao maduka mengi yanauza pamoja na antena, ukiwa na mita 10 kwenye megahezi 1800, unapoteza zaidi ya desibeli 6, maana yake robo tatu ya nguvu uliyoihangaikia juu ya bati inaishia njiani. Sisi tuliiweka ruta karibu na dari, chumba cha mwisho, ili waya uwe mfupi kabisa. Waifai ndiyo ikatembea ndani ya nyumba. Viungo vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Lushoto ina ukungu wa asubuhi ambao unaingia kila mahali, na kiungo kikishika kutu namba zinaporomoka taratibu bila mtu kuelewa kwa nini.

Umeme tuliumaliza kwa sola. Ruta inakula chini ya wati 12, kwa hiyo hakuna sababu ya kupitisha umeme kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo yenyewe inakula betri. Tuliiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12, ila betri inayochajiwa hupanda kufikia volti 14 na zaidi, hivyo fundi aliweka kidhibiti kidogo cha kuishikilia kwenye 12. Usiruke hatua hiyo, ruta inaweza kuungua. Umeme ukikatika kijiji kizima, sisi tunaendelea mpaka betri za mnara nazo zikate.

Kuhusu bando nina kinyongo kidogo. Mtandao mmoja, ambao sitautaja, uliniuzia kifurushi cha mwezi cha ruta kwa maneno kwamba hakina kikomo. Kabla mwezi haujafika nusu, kasi ikakatwa mpaka video ikawa haichezi kabisa. Masharti yalikuwepo, kwa maandishi madogo, na wakala aliyeniuzia hakuyasema hata kwa neno moja. Basi uliza swali hili kwa wakala, na umtake akuonyeshe jibu kwenye maandishi: baada ya GB ngapi kasi inapunguzwa, na inapunguzwa kuwa ngapi? Uliza pia kama laini hiyo inapiga simu au ni ya data peke yake. Sasa tunatumia kifurushi chenye GB zilizotajwa, na matumizi tunayaona.

Simu zikiona waifai zinajiona ziko mjini. Zinaanza kupakua masasisho ya programu, kuhifadhi picha mtandaoni, kupokea kila video ya makundi ya WhatsApp. Nilizima hayo yote kwenye simu ya mama na ya mpwa wangu, na bando la wiki moja likaanza kufika wiki mbili. Video ya ubora wa juu inakula kama GB 3 kwa saa, ya ubora wa kawaida kama GB 1, na kwenye kioo cha simu tofauti hiyo huioni.

Kwa msafiri habari ni nyingine, na hapo siuzi antena kwa mtu. Nikitoka Dar kwa basi, kupitia Chalinze, Segera na Korogwe, 4G inakuwepo sehemu kubwa ya barabara. Baada ya Mombo, gari likianza kupanda kona za Soni, mtandao unakatika na kurudi, kwa hiyo faili la kazi nalipakua kabla ya Mombo. Simu yenye laini mbili za mitandao tofauti inanitosha. Pale ambapo mmoja umekufa, mwingine mara nyingi unapumua. Maifai, ile ruta ndogo ya mfukoni yenye betri yake, niliitumia kwa muda. Ni nzuri mkiwa watu wanne au watano mnaofanya kazi pamoja, kwa kuwa hotispoti ya simu inachemsha simu na kumaliza chaji. Lakini yangu ilikuwa na betri ya mAh 1500, na safari ya Lushoto ni ndefu kuliko betri hiyo.

Mgeni kutoka nje ya nchi namshauri asajili laini ya hapa. Anasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa wakala anayetambulika, si kwa kijana wa kando ya kituo cha basi mwenye laini zilizokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Zile eSIM za wasafiri, laini zisizo na kadi zinazonunuliwa mtandaoni, zinafanya kazi, ila nyingi ni za data tu, hazina namba ya hapa. Bila namba ya hapa huwezi kufungua M-Pesa, na ukishafika Lushoto kwenda mashambani, gesti, bodaboda na chakula vingi vinalipwa kwa simu. Sisi wenyeji nasi tupige *106# mara kwa mara tuone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yetu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Najua swali linalofuata ni Starlink, intaneti ya dishi inayotoka moja kwa moja kwenye satelaiti. Rwanda walianza Februari 2023, Kenya Julai 2023. Nimeitumia kwa rafiki aliye Taveta, upande wa pili wa mpaka wa Holili, na sitaificha sifa yake: ni ya kasi, haijali kilima wala mnara, mradi dishi lione anga wazi. Satelaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu, wakati zile za dishi la zamani ziko karibu kilomita 36,000, ndiyo maana simu ya video haina ule ucheleweshaji wa kuongea na mtu aliye kisimani. Lakini kwetu Tanzania, hadi ninapoandika, haijapewa leseni, na vifaa vinavyovushwa mpakani kimyakimya mimi sivigusi. Hata ikija, dishi la kawaida linakula wati 50 hadi 75 na zaidi, dogo lake 25 hadi 40. Sola ya nyumba kama ya mama itabidi iongezwe paneli na betri, na gharama hiyo watu huisahau wakipiga hesabu.

Kuna nyumba ambazo haya yangu hayatazifaa. Kama umepanda juu ya bati, umezunguka pande zote, na simu haijasoma hata 2G, antena haina cha kukuza. Hapo kinachotakiwa ni mnara. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, upo kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida. Mei 2023 ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Pelekeni jina la kitongoji chenu kwa diwani, kwa maandishi, pamoja na idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo, na mfuatilie halmashauri mpaka mpate majibu.