No Man's Sky: gemu niliyonunua kwa jina la studio, jina lililowahi kunuka

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asihangaike: No Man's Sky, gemu ya kuzurura angani kutoka sayari hadi sayari, chukua, ila subiri ofa. Bei yake ya kawaida Steam, lile duka la magemu ya kompyuta mtandaoni, ni dola 59.99 lakini mara kwa mara inashushwa nusu bei au zaidi, mi nimeivizia kwenye ofa ya asilimia 60 ikaja dola 24 kasoro senti, kwa hela yetu bado ni hela ya kukaa chini uifikirie lakini kwa kilichomo humo ndani sina kinyongo.

Ila kilichonileta kuandika siyo gemu peke yake, ni sababu iliyonifanya nitoe hiyo hela. Mi kabla sijanunua gemu naangalia kwanza nani katengeneza. Trela hata liwe kali vipi halinisumbui, studio yoyote yenye hela itakutolea trela kali. Sasa hawa Hello Games ni kastudio kadogo ka Guildford, Uingereza, ka Sean Murray na wenzake, na kuna miaka ukilitaja hilo jina watu wanacheka tu. Nilipomwambia mshkaji wangu kwamba naichukua akanijibu "oya we, si ndo gemu ya yule jamaa muongo?" Swali la haki kabisa. Asiyejua stori ngoja nimpe.

Desemba 2013 walitoa trela la kwanza, 2014 Sony, wenye PlayStation, wakawapandisha jukwaani E3 kabisa, yale maonyesho makubwa ya magemu, dunia ikachanganyikiwa: sayari zaidi ya kwintilioni 18 yaani 18 halafu unafuatisha sifuri 18, na yoyote unayoiona unaweza kwenda ukatua. Murray akawa anahojiwa kila kona na kila akiulizwa kama kitu fulani kipo jibu lake linaegemea kwenye ndiyo, ndiyo. Agosti 2016 ikatoka, bei kamili ya gemu kubwa, wakati timu iliyoitengeneza ilikuwa kama watu 15 hivi. Wahenga walisema chema chajiuza kibaya chajitembeza na hii ilikuwa imejitembeza miaka karibu mitatu. Mara tu ilipotoka wachezaji wawili wakatafutana mpaka wakafika sayari moja, sehemu ileile moja, wamesimama palepale, na hakuna anayemuona mwenzake. Hapo moto ukawaka. Watu wakadai hela zao, maoni ya wanunuzi kule Steam yakawa mekundu tupu, yaani ya kuponda, mpaka bodi ya viwango vya matangazo ya Uingereza ikapelekewa malalamiko (baadaye ikasema hawajavunja taratibu, lakini nani alikuwa anasikiliza muda huo). Studio yenyewe kimyaaa.

Sasa hapa ndo pa kuangalia. Hela walikuwa wameshapata, nyingi tu kwa timu ya ukubwa ule, wangeweza kufunga mlango wakaanza gemu nyingine kwa jina lingine na maisha yakaendelea. Novemba 2016 wakatoa apdeti ya kwanza kubwa, ukaweza kujenga makazi. 2018 ikaja NEXT, watu wakaanza kuonana na kucheza pamoja kweli, kile kitu kilichowaletea matusi. 2019 wakaleta ya kuvaa miwani ya VR. Zikaendelea tu, 2024 wakazipaka sayari upya maji na mawingu, Agosti 2025 wakaleta Voyagers, unajiundia meli kubwa ya angani mwenyewe kipande kwa kipande na unatembea ndani yake huku inaruka. Zote bure. Aliyenunua 2016 akatukana akaondoka, leo akirudi anakuta vyote hivyo vinamsubiri na hadaiwi hata senti, hawajawahi kuuza nyongeza hata moja. Mwisho wa 2024 wastani wa maoni yote Steam, ukijumlisha na yale matusi ya mwanzo, ukapanda mpaka daraja la "nzuri sana". Kupanda vile siyo mchezo maana maoni ya zamani hayafutiki, unayazidi kwa wingi tu.

Kwa hiyo mi nimenunua jina. Gemu nimekuja kuijua baadaye.

Na gemu yenyewe ikoje? Unaamka kwenye sayari huijui, mara nyingi hali ya hewa mbaya, suti inakupigia kelele kwamba kinga inaisha, chombo chako kiko mahali huko kimeharibika. Unakimbia unatafuta vile vimaua vya njano vinavyong'aa uchume sodiamu urudishe kinga, unachimba mawe, unatengeneza skana, unafika kwenye chombo unaanza kuunga kimoja kimoja. Mwanzo ni taratibu, mtu wa kupenda risasi tangu dakika ya kwanza atasonya. Lakini ile mara ya kwanza unawasha chombo, unanyanyuka, anga linabadilika rangi, linakuwa jeusi, uko juu huko na ile sayari uliyokuwa unahangaikia maisha iko chini yako nzima na hakuna sehemu imekusimamisha ikakwambia subiri inapakia... aisee. Mi nilirudi chini nikapanda tena ili nione tu.

Kitu kingine, kuna stesheni inaitwa Anomaly ambako wachezaji wote wanakutana. Nimeingia pale na chombo changu cha kimasikini, akaja mtu simjui, amevaa kama mjusi, akasimama mbele yangu akanitupia mzigo wa vitu vya bei mbaya halafu akapiga saluti akaondoka. Nikauliza uliza nikaambiwa ndo utamaduni wa pale, wakongwe wanawapa wageni. Ukikumbuka wale wawili wa 2016 walioshindwa hata kuonana unaelewa gemu imetembea umbali gani.

Ninachokilalamikia ni mabegi, muda mwingi unahamisha vitu huku na kule maana nafasi hazitoshi, na sayari ukishazunguka sana zinaanza kufanana kidogo. Kwa upande wa bando haiumizi, ukubwa wake ni mdogo mbele ya magemu ya siku hizi yanayovuka GB 100, na unaweza kuicheza bila intaneti ukipenda.

Ila nisieleweke kwamba jina zuri la studio ndo dawa. Jina zuri nalo linafumba watu macho. Studio ya CD Projekt Red ya Poland baada ya gemu yao ya Witcher 3 walikuwa wanapendwa kama timu ya taifa, wakagawa nyongeza ndogondogo 16 bure, basi Cyberpunk 2077 ilipokuwa inakuja watu milioni 8 wakalipia kabla haijatoka. Desemba 2020 ikatoka, kwenye PS4 ilikuwa msiba, Sony wakaiondoa dukani kwao wakaanza kurudisha hela za watu, ikarudi Juni 2021. Na wao baadaye wameirekebisha vizuri mno, leo ni gemu ya maana, lakini wale milioni 8 walitoa hela kwa sababu ya Witcher na wengi wao wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Hata Konami, sisi tuliokulia vibandani tunajua PES, gemu yao ya mpira, ilikuwa na uzito gani, wakaja na mrithi wake eFootball Septemba 2021 wachezaji wana sura za kutisha mpaka wenyewe wakaomba radhi.

Mi nachoangalia sasa siyo gemu yao iliyopita ilikuwa tamu kiasi gani, naangalia walifanya nini siku mambo yalipoharibika na hela ikiwa tayari mfukoni kwao. Kuna studio moja kubwa, sitaitaja, gemu yao ilinigomea katikati ya stori, nikawaandikia wakanijibu na ujumbe wa roboti, na baada ya muda mfupi wakatangaza toleo jipya la hela nyingine. Hao hata wagawe bure sipakui.

Hello Games nao Desemba 2023 wametangaza Light No Fire, dunia moja kubwa sawa na dunia yetu wote tunaishi humo. Murray jukwaani tena na maneno makubwa tena, mpaka nikacheka. Nitanunua, hilo sifichi, ila siyo kabla haijatoka: nitawapa wiki moja, wengine waingie kwanza waniambie kama wanaonana. Kwa sasa nina meli yangu ya Voyagers haijaisha, imebaki kufunga injini za nyuma na nimeishiwa vipuri.